Muulize Shangazi: Mbezi mbili na kadi moja ya singo

Nawajibu mwezi huu mguu wa kushoto ukiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi. Jumamosi nilikuwa mwanakamati, na mwanakamati hakai. Ndiyo maana nimechambua barua nikatoa zinazohusu harusi. Za waume na mawifi zitasubiri mguu upoe.

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma, nina miaka 29, nimeolewa. Marafiki zangu wawili wanaoana Dar Jumamosi ya tatu ya mwezi wa tano. Wote nimesoma nao chuo cha ualimu. Bibi harusi tulilala kitanda kimoja cha ghorofa miaka miwili, yeye juu mimi chini, na bwana harusi ndiye aliyekuwa akituandikia notisi tukiumwa. Ndoa ni saa nane mchana, sherehe saa kumi na mbili jioni ukumbini Mbezi. Nimechanga 70,000 nikatumiwa kadi ya singo kwenye simu. Sasa mume wangu anasema na yeye anakuja. Malazi tumepata bure kwa binamu yake Chanika. Ijumaa natoka kazini saa tisa na nusu, na Jumatatu lazima niwe darasani. Wenzangu wa chuo wanashona sare ya kitambaa cha zambarau, wananiambia nitume vipimo kwa fundi wao Kariakoo, nguo nitaichukua nikifika. Dar nimefika mara mbili tu, zote nikiwa na mtu wa kunishika mkono. Nipange vipi nisiaibike?*
*Mwalimu, Dodoma*

Marahaba, mwalimu wangu. Kwanza chukua kadi yako usome maandishi madogo ya chini kabisa. Kwenye picha uliyonitumia yanasema "kituo cha Afrikana". Basi ukumbi uko Mbezi Beach, na hapo umeshaokoka balaa la kwanza.

Dar ina Mbezi mbili. Moja iko Barabara ya Morogoro, ukishapita Kimara, tunaiita Mbezi Mwisho au Mbezi Luis. Hapo ndipo kilipo kituo kikuu cha mabasi cha Magufuli, kilichofunguliwa mwaka 2021 mabasi yalipohamishwa kutoka Ubungo. Nyingine ni hiyo Mbezi Beach, Barabara ya Bagamoyo, ukipita Mwenge na Lugalo unaelekea Tegeta. Anayeandika kadi huwa anaishi hapo hapo, kwake yeye Mbezi ni moja tu duniani. Nina shoga yangu wa Iringa aliyeshuka basi Mbezi Mwisho saa kumi na moja jioni, kavaa kabisa, viatu virefu, kilemba kimesimama kama mnara. Akaanza kuwauliza bodaboda ukumbi uko wapi. Huyu anamwonyesha kanisa, yule anamwonyesha baa. Alipompata mtu wa kamati kwenye simu, mtu mwenyewe nilikuwa mimi, nikamwambia apande pikipiki apite njia ya Goba, atatokea Tangi Bovu. Kilemba kilipeperuka Goba, hakikuonekana tena. Aliingia ukumbini kichwa wazi, keki imeshakatwa, na usiku ule hakuna aliyecheza kumzidi.

Kanisa nalo uliza liko wapi. Kadi inataja jina la usharika tu, na usharika unaweza kuwa Kijitonyama wakati ukumbi uko Afrikana.

Sasa tuje Chanika. Binamu wa mumeo ana moyo mzuri, sina neno naye. Ila Chanika iko mbele ya Gongo la Mboto, ukipita Pugu, na kutoka huko kwenda Mbezi Beach unalikata jiji zima: Barabara ya Nyerere hadi Tazara, unakunja Mandela, Buguruni, Tabata, Ubungo, unashika Sam Nujoma hadi Mwenge, ndipo uanze kuitafuta Bagamoyo. Tazara kuna daraja la juu, Ubungo kuna daraja la juu, na foleni bado ipo, imehamia mbele kidogo. Mwezi wa tano masika hayajaondoka vizuri. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi unasikia Jangwani kumejaa maji na njia imefungwa, na magari yote yaliyokuwa yapite Jangwani yanakuja kukusumbua wewe kwenye njia yako. Halafu kuna kurudi. Saa saba usiku, viatu mkononi, unaita teksi kwenye simu. Dereva anaona neno Chanika, anakata safari. Anakuja wa pili, anakata. Mtakaa kwenye ngazi za ukumbi na walinzi.

Lakini usimkatae binamu. Mtumie Ijumaa. Mungu si Athumani, treni ya umeme inapita Pugu.

Hii treni imeanza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma mwezi wa saba 2024, na kwa safari ya siku mbili kama yako usifikirie basi. Basi ni kilomita kama 450 za kukaa na magoti kifuani, unafika kiuno hakikunjuki. Treni ya kawaida ni mwendo wa saa nne hivi, na nauli ya daraja la kawaida ilipangwa 31,000. Zipo treni za haraka ambazo hazisimami kila kituo, kwa hiyo unapokata tiketi hakikisha yako inashusha Pugu. Andaa na namba ya kitambulisho, bila hiyo hukati. Na kitu kimoja, mwalimu: saa tisa na nusu ya kengele ya shule siyo saa tisa na nusu ya stesheni. Mizigo inapitishwa kwenye mashine kama uwanja wa ndege, foleni ipo, na geti likifungwa limefungwa. Muombe mwalimu mkuu Ijumaa mchana, umfidie kwa zamu. Siku unayokata tiketi ya kwenda, kata na ya kurudi Jumapili. Jumapili Dar inatapika watu, na aliyesema atakata akifika nimemwona Jumatatu yuko kwangu Magomeni anakunywa chai.

Kwa hiyo Ijumaa usiku mnashuka Pugu, mnalala Chanika, mnakula cha binamu, mnasifia nyumba. Jumamosi saa moja na nusu asubuhi mmeshatoka na begi lenu. Mtafute nyumba ya kulala wageni karibu na Afrikana, Jogoo au Makonde, ile ya kawaida yenye feni inayozunguka na maji yanayotoka, mlipie usiku mmoja. Wapigie wenzako wa chuo, lazima yupo anayekaa Tegeta au Kunduchi anayejua gesti safi. Mnaoga hapo, mnavaa hapo, na usiku mnarudi kwa bajaji ya dakika kumi. Pesa hiyo utaiona inauma ukiwa Dodoma. Ukiwa Mbezi Beach saa saba usiku haitauma.

Mume. Hapa nataka unisikilize vizuri, maana nimekuwa mweka hazina wa kamati nyingi kuliko vidole vya mikono na miguu yangu.

Kadi ya singo ni ya mtu mmoja. (Sisi wa Pwani singo tunaijua kwa maana nyingine, ule mchanganyiko wenye harufu nzuri anaosuguliwa bi harusi mwili mzima, na mara ya kwanza niliposikia "nimepata kadi ya singo" niliuliza anasuguliwa nani.) Mpishi wa ukumbini analipwa kwa kichwa. Kamati ikimwambia watu 250, analeta sahani 250 na chache za akiba. Vinywaji vivyo hivyo, viti vivyo hivyo. Zamani ungeweza kumpita mtu wa mlangoni kwa tabasamu. Siku hizi kijana ameshika simu inayosoma alama iliyo kwenye kadi, ikishasoma mara moja basi. Nimewahi kusimama mlangoni usiku mmoja watu wamekuja na wake, na wadogo zao, na mmoja na dada wa kazi, wote kwa kadi za singo, na kwa haya tukawaachia. Wanakamati siku ile tulikula hewa. Niliingia nyumbani saa nane usiku na gauni la kumetameta, nikasonga ugali.

Mumeo kusema anakuja ni jambo jema, wangapi wanabembelezwa? Mpigie mweka hazina. Usimpigie bibi harusi, yeye sasa hivi hata jina lake halikumbuki, atakujibu "njooni tu" halafu asimwambie mtu. Muulize mweka hazina kadi ya dabo ni kiasi gani, umalizie tofauti, utumiwe kadi mpya. Fanya hivyo kabla ya kikao cha mwisho, maana kikao hicho ndicho kinachopeleka idadi kwa mpishi. Ukichelewa, mwambie mumeo ukweli, aje kanisani. Kanisani hakuna kadi. Jioni atafute mahali pa kutazamia mpira, mtakutana gesti.

Vipimo kwa fundi wa Kariakoo: usitume. Nasema hivi na kovu ninalo. Fundi mmoja wa huko, jina lake namwachia Mungu, alinipimia mwenyewe kwa mikono yake, wiki tatu kabla. Siku ya harusi saa kumi na moja jioni ndiyo ananikabidhi gauni. Nalivaa nyuma ya pazia lake, naona upande mmoja una mkono, upande mwingine hauna. Namuuliza, ananijibu, "Mama, ndio mitindo." Nilijifunga mtandio begani usiku kucha, na picha zote nimekaa kiubavu kama ninayemchungulia jirani. Sasa wewe uko Dodoma, yeye hajawahi kukuona, ana sare kumi na tano za watu wenye miili kumi na tano. Waambie wenzako wakutumie kitambaa kwa basi, kitafika kesho yake. Mpe fundi wako unayemjua, mdanganye harusi ni wiki moja kabla, na Jumatano uwe umeijaribu mbele ya kioo. Mwambie aweke bitana nyepesi. Dar ya mwezi wa tano ina jasho ambalo nyinyi wa Dodoma hamlijui, hewa yenu kavu inawadekeza. Poda paka kidogo, leso weka kwenye pochi, na viatu vya chini weka kwenye mfuko wa mumeo.

Ukumbini saa kumi na mbili maana yake saa moja na nusu. Usije saa tatu, kwa sababu kumbi nyingi zinafunga muziki saa sita na MC ana ratiba ya kukimbiza. Wataingia kamati, wataingia wazazi, wataingia maharusi kwa mwendo wa kobe na wimbo utarudiwa mara tatu. Utambulisho utakuchosha, vumilia. Keki. Umeniambia bwana harusi ni wa Moshi, basi jiandae kuona ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma kasimamishwa na majani mdomoni, naye ana heshima zake na wimbo wake. Shampeni ikifunguliwa mtapanga mstari kwenda kugonganisha glasi na maharusi mkicheza. Usikae. Huo ndio wakati bibi harusi anakuona uso kwa uso, akijua umetoka Dodoma kwa ajili yake, na pengine ndiyo sekunde tano pekee utakazopata naye usiku mzima. Kisha chakula, wanaita meza kwa meza. Kula kiasi chako. Utawaona watu wa mjini wanatoa vifuko vya nailoni kwenye pochi, wanafungasha mapaja ya kuku kwa utulivu kama wanaofunga barua. Usiige kabla hujajua meza yako ina nani.

Zawadi usibebe. Nakuomba. Mchango wako umeshatoka, na mkitoa ya pamoja nyinyi wa chuo, friji au kitanda, anayeishi Dar ataishughulikia. Begani kwako kwenye treni weka doti moja ya kanga kwa mama wa bibi harusi. Wakati wa zawadi mama atasimama mbele pale na binti yake, mvishe begani huku unacheza, halafu uende ukakae. Na uwe na noti za elfu moja moja za kutuza, ukumbini chenji haipatikani.

Jumapili kutoka Mbezi Beach usirudi Pugu. Nenda stesheni ya mjini ndiko treni inakoanzia, na mpite Daraja la Tanzanite pale baharini, lililofunguliwa 2022. Mumeo atataka kupiga picha. Kwa miguu wanapita watu, kwa hiyo mkiwa na muda shukeni mtembee, upepo wa pale unaondoa uchovu wa harusi wote.

*Shangazi, mimi ni fundi magari Mbeya, Mlokole. Rafiki yangu tuliyejifunza naye kazi gereji moja anaoa Temeke, wao ni Waislamu. Ameniambia nikae naye karibu msikitini. Naruhusiwa? Nivae nini? Nisije nikakosea mbele za watu.*
*Kijana wa Mbeya*

Mwanangu, amekuita akae nawe karibu, sasa unataka ruhusa ya nani tena? Vaa suruali na shati la mikono mirefu, safi. Kanzu na kofia wakikupa vaa, wasipokupa usitafute ya kuazima ikakufika magotini. Viatu unavua mlangoni, vaa soksi zisizo na tundu, hilo ndilo linaloaibisha. Unakaa chini na wenzako. Shehe atasoma hotuba, walii wa binti na rafiki yako watashikana mikono, mahari itatajwa, mashahidi wapo, rafiki yako atajibu kwa sauti kwamba amekubali. Wakati huo usiguse simu. Mambo yataisha kabla hujazoea kukunja miguu. Baada ya dua mtapewa halua na kahawa chungu kwenye vikombe vidogo. Ukiona chungu, halua ndiyo dawa yake.

Kazi ni kumsindikiza nyumbani kwa mke. Kutakuwa na dufu na kasida, na mkifika mlango utafungwa. Usishangae. Ndani wapo kina mama na mashangazi kama mimi, hawafungui bila pesa, na rafiki yako amekuweka karibu kwa sababu hiyo: uwe na noti mfukoni za kumsaidia. Jibishaneni, teteni bei, ndiyo raha yenyewe, lakini toeni. Pilau italetwa kwenye sinia, mtakaa watu watano au sita. Nawa, kula kwa mkono wa kulia, kula upande wako, usivamie nyama iliyo mbele ya mwenzio mpaka mwenyewe akusogezee. Na upande wa wanawake usipige picha hata moja, hata ukiona wamependeza. Hasa ukiona wamependeza.

*Shangazi, niliahidi 100,000 kwenye harusi ya marafiki zangu wawili wa Dar tuliofanya nao kazi. Niliahidi mbele ya kundi zima la simu. Kazi imeisha, nauli ya kwenda sina, na harusi ni wiki ijayo. Kama siendi nalazimika kulipa?*
*Msomaji, Tanga*

Ahadi ilishaingizwa kwenye bajeti, pengine ndiyo iliyolipa viti. Mpigie mweka hazina leo, usimwandikie kwenye kundi, mwambie kazi imeisha na kwamba una 20,000, umtumie hiyo 20,000 mkiwa bado mnaongea. Atakuandika umelipa pungufu na atakushukuru, kwa sababu katika kila kundi kuna watu thelathini waliozima simu na anajua hivyo. Usizime simu. Kuna kijana wa hapa Magomeni niliyekuwa namdai 30,000 ya harusi. Kila akiniona sokoni anakata kona anajificha kwenye magunia ya mkaa, anatoka mweusi. Sikuwa hata nafikiria kumdai. Maharusi wenyewe mtoto wao sasa yuko darasa la tatu.